Mwili ukiuma bila sababu kujulikana, tuanzie kwa daktari

Mazungumzo na jamaa waliohama na viongozi, Kamatanda, Likasi



Katanga yetu imeona watu wakikimbia mara nyingi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala kwa maelfu kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Mwaka 2005 na 2006 wengine walikimbia vita huko Mitwaba na Pweto, na baada ya 2011 wakakimbia tena. Waliopita njia hizo wanatuambia: kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, mgongo unawaka, usingizi hakuna. Wanauliza: huu ni ugonjwa gani?

Jibu la haraka ndilo linatuharibia. Mmoja anasema: "Ni mawazo tu." Mwingine anasema: "Umelogwa." Maneno yote mawili yanafunga njia ya hospitali.

Tuseme mama anaumwa kichwa miezi mitatu. Jamaa wanamshuku bibi wa jirani, aliyekuja kutoka kabila lingine. Ugomvi unaanza, nyumba mbili hazisalimiani. Kumbe mama ana presha ya damu, na kipimo chake huchukua dakika chache. Presha haikutibiwa, na amani ya avenyu imekufa.

Kwa hiyo tukumbuke alama hizi. Tusilale nazo, twende siku ile ile:
- kifua kinabana, au pumzi inakatika;
- mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea ghafula, au maneno hayatoki vizuri;
- homa, zaidi kwa mtoto na mama mjamzito, kwa sababu malaria haingoji;
- kichwa kikali na shingo ngumu, degedege, au kuzimia;
- kuhara maji mengi kama maji ya mchele;
- kutapika damu, kukohoa damu, au choo cheusi kama lami;
- mjamzito anayetoka damu, au mwenye kichwa kikali na macho kuona ukungu;
- mtoto asiyenyonya wala kunywa;
- mtu anayesema anataka kujiua. Huyu asiachwe peke yake.

Kuna alama nyingine zisizopita wiki hii bila kumwona daktari: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda bila sababu, jasho la usiku, uvimbe unaokua, au maumivu yanayorudi kila mara. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika programu ya taifa. Ukosefu wa pesa usituzuie kwenda kupima.

Tukifika, tuseme yote. Hapa Kamatanda watu wanachimba shaba na kobalti, na vumbi linaingia nyumbani. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo. Hiyo haimaanishi kila maumivu yanatoka kwenye madini. Lakini daktari ajue unachimba wapi, unakunywa maji gani, na ulimeza dawa gani, hata za kienyeji.

Na kama vipimo havionyeshi kitu? Maumivu si uongo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 5 katika sehemu zilizopita kwenye vita ana shida ya afya ya akili. Huzuni na hofu hukaa mwilini. Tumwambie mganga habari ya usingizi na ya mambo tuliyoyaona, na turudi kwake kama alama mpya zinatokea. Maombi na mazungumzo ya jamaa yasaidie dawa, yasichukue nafasi yake.

Viongozi wetu, tunawaomba mambo mawili. Mtu akiletwa mbele yenu kwa kesi ya uchawi kwa sababu ya mgonjwa, ulizeni kwanza: mgonjwa amepimwa wapi? Na mkumbuke sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto: inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na inaadhibu.

Mgonjwa asiye na nauli, tumchangie. Asiyejua mji, tumsindikize. Jirani aliyekushika mkono mpaka kituo cha afya, ni vigumu kumwita adui.