Muuguzi Mkunga na Miezi Mitatu ya Mwanzo ya Ujauzito



Katika zahanati nyingi za Tanzania, kliniki ya wajawazito huongozwa na muuguzi mkunga, wala si daktari. Yeye ndiye apimaye, atoaye dawa, ajazaye kadi na rejista, na aagizaye vitendanishi kabla havijaisha. Ndiye pia aamuaye nani atibiwe pale pale na nani apelekwe hospitali ya wilaya usiku huo huo. Kazi yake husifiwa siku ya kujifungua. Miezi mitatu ya mwanzo, tumbo likiwa bado halijaonekana, husemwa kidogo sana, ingawa humo ndimo yaliyomo baadhi ya maamuzi yake mazito.

Kwamba akina mama hawaendi kliniki si kweli. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 98 walihudumiwa na mtaalamu wakati wa ujauzito, lakini asilimia 24 tu walianza ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri mahudhurio manane, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kutimia. Wanaochelewa wana sababu zao. Mimba changa haitangazwi. Huogopwa husuda, huogopwa pia aibu endapo itaharibika. Desturi hiyo haistahili kubezwa. Mkunga anayeielewa huhakikisha chumba chake kina mlango unaofungwa, na kwamba hakuna mtumishi anayeuliza sababu ya safari mbele ya foleni.

Kuna kikwazo kingine, nacho kimewekwa na huduma yenyewe. Mahali pengi mwanamke aliyefika peke yake ameambiwa arudi na mwenza wake, au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nia ilikuwa njema: baba naye apimwe virusi vya UKIMWI na kaswende. Lakini mke ambaye mumewe yuko machimboni, au binti aliyekataliwa na mwenzake, huirudia njia aliyoijia, na wiki zikapita. Kiongozi wa kliniki mwenye busara humhudumia kwanza, kisha humwalika baba kwa hudhurio lijalo. Ushiriki wa wanaume ni jambo jema. Kuufanya sharti mlangoni ni kumwadhibu asiyehusika.

Anayewahi hupata nini? Hupimwa damu, na kaswende ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa penisilini kabla haijamdhuru mtoto. Tarehe ya hedhi ya mwisho bado anaikumbuka, hivyo umri wa mimba hukadiriwa kwa usahihi zaidi. Hushauriwa kuhusu chandarua na dawa anazotumia; vidonge vya SP vya kukinga malaria, kwa mfano, havitolewi katika miezi hii mitatu. Hupewa madini chuma na foliki asidi. Hapa yafaa kusema wazi: uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kinga dhidi ya mgongo wazi, basi, huanza na mwanamke anayetarajia kushika mimba, naye anayo haki ya kuingia kliniki hiyo.

Lililo zito kuliko yote ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi katika mrija. Haiwezi kukua ikawa mtoto, na mrija ukipasuka mama huvuja damu tumboni. Damu inayoonekana nje huenda ikawa matone tu. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai, au maumivu ya bega yasiyoeleweka, kwa mwanamke aliyekosa hedhi, si mambo ya kungoja asubuhi. Zahanati haifanyi upasuaji. Mkunga kiongozi huwafundisha wenzake kupima mkojo wa kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayelalamikia tumbo, hata akisema hana mimba, na kutoandika neno "chango" wakamwacha aende. Usafiri wa dharura wa m-mama huitwa kwa namba 115, bila malipo.

Mimba nyingine huharibika tu. Mara nyingi chanzo ni kasoro katika chembe za urithi tangu kutungwa, si ndoo ya maji aliyobeba mama wala ugomvi wa jana. Hata hivyo wengi hujificha na damu yao wakiogopa kushukiwa kuwa wameitoa. Kazi ya mkunga ni kuzuia damu na maambukizi. Anayeanza kwa kuhoji humfukuza mgonjwa wa kesho pia.

Yote haya hutegemea mtu mmoja au wawili. Mkunga akienda likizo au mafunzoni, chumba hicho kisifungwe. Kamati ya usimamizi wa zahanati ina wajumbe waliotoka miongoni mwa wananchi. Hao ndio wa kuulizwa mkutanoni nani hushika nafasi yake, kama vipimo vya mkojo vipo, na kama barua ya mwenyekiti bado inadaiwa.