Nuru Itanguliayo Jibu



Tarehe 14 Novemba 2023, darubini ya Hale iliyoko juu ya mlima Palomar, California, iliyozinduliwa mwaka 1948 kwa kazi ya kutazama nyota, ilipokea ujumbe wa leza kutoka chombo cha anga Psyche, kilichokuwa karibu kilomita milioni 16 kutoka kwetu. Na Desemba ya mwaka uliofuata nuru hiyo ilisafiri kilomita milioni 494, mwendo wa zaidi ya dakika 27. Leza yaweza kuchukua habari mara 10 hadi 100 zaidi ya redio, walakini mwale wake ni mwembamba mno na mawingu huuzuia, ndipo zikateuliwa darubini zilizoko milimani penye hewa kavu.

Jambo ninalowaomba, wahitimu, mlitaamali ni hili: chombo kile hakikutangulia kunena. Kwanza darubini nyingine, yenye kioo cha mita 1, iliyoko Table Mountain katika jimbo lilo hilo, ilirusha mwale kuelekea si pale chombo kilipoonekana, bali pale kitakapokuwa mwale ufikapo. Nacho, kilipoupata, kikautumia kuelekeza leza yake duniani. Asiyejulisha alipo hafikiwi na jibu, hata kipokezi chake kiwe hodari namna gani.

Bonde hili la Kilombero limekwisha kuyatenda hayo, likatanguliza habari zake. Ulipoanza mwaka 1997 mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa afya wa Ifakara walipita nyumba hata nyumba wakiandika wazaliwao na wafao, hata ikathibitika kwamba chandarua huwaokoa watoto na mauti; na ushahidi huo, uliotoka kando ya mashamba ya mpunga yenye mbu, ukawa hoja thabiti mbele ya mataifa.

Basi, wahitimu, mtakapokwenda Mang'ula, Mlimba au Malinyi, msikae mkilalamika kwamba elimu ya dunia haiwafikii. Andikeni kwa insafu mliyoyaona, ya maradhi, ya mvua na ya mafuriko, myapeleke kwa wenye kuyahitaji kabla hamjaulizwa, tena mkiitazamia haja ya kesho, si ya jana tu. Kwani atangulizaye maarifa yake ndiye ajibiwaye. Mwenyezi Mungu awajaalie subira, uaminifu na afya njema.