SARATANI YA TUMBO: ULIZA KIPIMO KABLA YA MCHANGO



Wazazi wetu, ndugu zangu vijana. Tumshukuru Allah (s.w.t.) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu. Ramadhani husemwa mengi juu ya tumbo, tule nini na tuache nini. Leo nitasema juu ya tumbo hilo hilo, lakini kwa ugonjwa ambao wengi wetu twaogopa hata kuutaja: saratani.

Mtu akiumwa na tumbo husema, "Ni vidonda tu," akanunua dawa dukani. Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu yasiyoisha, kukonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi si mambo ya kungojea Idi. Nenda hospitali. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula, akalipa siku nyingine.

Huko daktari hupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni, akakata vipande vidogo vya nyama vipelekwe maabara. Sisi jamaa huuliza swali moja: ni saratani au siyo? Ikiwa ndiyo, liko swali la pili: ina alama gani?

Juu ya seli kuna protini iitwayo HER2. Kazi yake ni kupokea amri ya kukua. Ikizidi mno, seli huongezeka ovyo, kama gari lililokatika breki. Maabara huitafuta kwa rangi maalumu, kisha hutoa alama. 0 au 1 ni kuwa haikuzidi, 3 ni kuwa imezidi, na 2 ni shaka, basi hufanywa kipimo cha jeni. Na kwa kuwa tumboni HER2 hukaa kwa mabaka, daktari hukata vipande kadhaa. Kimoja chaweza kuikosa.

Faida yake ni nini? Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa ToGA, uliofanywa katika nchi 24. Kati ya waliopimwa, kama 22 katika kila 100 walikuwa na alama hiyo. Wenye alama ambao saratani yao ilikuwa imeenea walipewa kemotherapi. Baadhi wakaongezewa dawa ya trastuzumab. Nusu ya walioongezewa waliishi zaidi ya miezi 13.8, kwa wa kemotherapi peke yake ilikuwa miezi 11.1. Si muujiza, lakini miezi ya kukaa na mzazi haidharauliwi.

Sasa tazameni upande wa pili. Wengi hawana alama hiyo, na dawa hii haiwafai. Nayo ni ghali. Twaitisha harambee, twauza shamba, na pesa za mayatima wa kesho zaenda kwa dawa isiyomhusu mgonjwa. Mali ni amana, jamani.

Kwa hivyo wewe kijana uliyesoma, usimwachie mzee ripoti asiyoielewa. Muulize daktari kwa adabu: "HER2 imepimwa? Majibu yasemaje?" Weka nakala ya ripoti. Ikiwa haikupimwa, uliza kama kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta chaweza kutumika.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute matibabu. Kuuliza ni katika kutafuta, na shifaa yatoka kwa Allah. Awaponye wagonjwa wetu, amin.

Wabillahi tawfiq.