Betri na Chaja Yake Havitenganishwi
(Mazungumzo na watumiaji wa Njombe na Makambako)



Bomba la kupulizia dawa linaloendeshwa kwa betri limewapunguzia wengi wenu kazi ya kupampu kwa mkono katika mashamba ya viazi na maparachichi. Lakini betri inayotupumzisha mchana ndiyo hiyo hiyo inayochajiwa usiku chumbani, watoto wakiwa wamelala. Ndiyo sababu naomba tuichague kwa makini.

Mabomba mengi huja na betri ya risasi ya volti 12. Chaja yake hupandisha umeme kupita volti 14, na betri hiyo huustahimili. Ikichoka, mkulima huweza kuuziwa badala yake betri nyepesi ya lithiamu, nayo imeandikwa volti 12. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Betri ya kawaida ya lithiamu yenye seli tatu hujaa kwa volti 12.6 tu. Ikiunganishwa na chaja ya zamani, na ikiwa haina kinga ya ndani au kinga hiyo ni mbovu, hupata joto, huvimba, na huweza kushika moto. Maandishi yamefanana, lakini betri ni mbili tofauti. Hata lithiamu ya fosfati ya chuma, iliyo tulivu zaidi, hutaka chaja yake.

Basi unaponunua, muulize muuzaji: Ni ya aina gani? Chaja yake iko wapi? Ina kinga ya kuzuia kujaa kupita kiasi? Seli zake ni mpya, au zimetolewa katika kompyuta chakavu? Asiyeweza kujibu, usimpe fedha yako. Jihadharini pia na sifa za uongo: seli ndogo ya tochi iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 haina uwezo huo.

Baridi yetu ya Juni na Julai nayo ina sharti lake. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa imepoa chini ya nyuzi sifuri. Iliyolala ghalani usiku wa sakitu, iingizeni ndani ipate joto la chumba kwanza. Msiiweke kando ya jiko la mkaa. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, mtu akiwa macho. Iliyovimba isitobolewe, isichajiwe tena, wala isitupwe motoni.

Makambako ni njia panda ya barabara kuu na reli ya TAZARA. Bidhaa nyingi hupita mikono mingi kabla ya kuwafikia. Kwa hiyo daini risiti na kuitunza. Mkitilia shaka ubora, toeni taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania; mkishuku bidhaa bandia, iarifuni Tume ya Ushindani. Taarifa ya mmoja wenu huweza kuiokoa nyumba ya jirani.