Uji wa Huruma Kabla ya Upasuaji

Madaktari wa nusukaputi hushughulikia njia ya hewa, yaani kuhakikisha mgonjwa aliyelazwa usingizi anapumua. Nasi wazazi tuna kazi yetu. Mtoto akinyimwa chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, hulia, na nyanya humwonea huruma akampa uji kisirisiri. Hata mimi ningeshawishika. Lakini dawa ya usingizi hulegeza koo. Uji ukipanda kutoka tumboni huingia mapafuni, na mtoto anaweza kufia mezani. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi zisalie saa 2. Akishakula, mwambieni daktari, afadhali upasuaji uahirishwe. Mwonyesheni pia jino linalotikisika: likichomoka, nalo huziba njia hiyo hiyo.