MEZA ILIYOLOWA SI KUNI

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kapalamsenga, mkoa wa Katavi)



Leo hatuzungumzi juu ya mahindi wala pamba. Tunazungumza juu ya meza.

Wakati wa mvua zilizopita, mama mmoja wa kisomo chetu alikwenda msibani siku tano. Huku nyuma bati lake lilivuja. Maji yakadondoka juu ya meza yake ya mninga, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Aliporudi alikuta madoa meupe na meusi. Mbao mbili za juu zilikuwa zimeachana, na mguu mmoja unacheza. Mwanawe akashika shoka. Akasema, "Mama, hii sasa ni kuni."

Mama alikataa. Kwenye meza hiyo ndiko alikoandika jina lake kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akiweka dole gumba tu. Basi alituita, nasi tukaenda na fundi seremala. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, ziba tundu. Fundi hakuigusa meza. Alitazama juu, kwenye bati. Alisema, "Ukitengeneza meza ukaacha tundu, mwakani utaniita tena." Kijana akapanda juu, akaziba.

Pili, kausha polepole. Wengi wetu tungeitoa meza juani. Hilo ni kosa. Jua kali hukausha mbao upande wa nje haraka, na ndani bado mbichi. Hapo mbao hupasuka na kupinda. Tuliiweka kivulini, penye upepo, majuma matatu.

Tatu, yajue madoa. Doa jeupe mara nyingi liko ndani ya vanishi tu. Maji hayajafika kwenye mbao. Weka kitambaa kikavu juu yake, upitishe pasi yenye moto mdogo kwa muda mfupi, kisha utazame. Rudia mpaka lififie. Pasi ikiwa ya moto sana, itaunguza vanishi. Doa jeusi ni jambo jingine. Maji yamefika kwenye mbao. Mara nyingi yamebeba kutu ya msumari au ya bati, na kutu ikikutana na maji ya mti huleta weusi. Doa hilo huondolewa kwa msasa. Maji ya limau nayo husaidia kulipunguza.

Nne, kagua miguu. Fundi alichoma kila mguu kwa ncha ya kisu. Mitatu ilikuwa migumu. Wa nne, kisu kilizama kwa chini. Umeoza. Alikata pale palipooza tu, akaunga kipande kipya. Hakuutupa mguu mzima.

Tano, gundi. Kwanza tulikwangua gundi yote ya zamani, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Tukapaka, tukazibana mbao kwa mpira wa baiskeli, tukaziacha mpaka kesho yake.

Sita, msasa na nta. Anza na msasa mkali, umalizie na ule laini. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi utaacha mikwaruzo. Funga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mninga huwasha. Mwisho tulipaka nta ya nyuki, juu na chini ya meza. Msisahau chini! Mbao ikifunikwa upande mmoja tu, upande wa pili hunyonya unyevu, na meza hupinda.

Je, kazi hii yote ina faida gani? Mninga hauoti kwa mwaka mmoja. Huchukua miaka mingi sana mpaka utoe mbao. Na kuukata kunahitaji kibali. Nani atakata mti mwingine kwa sababu ya tundu moja la bati?

Aliyesugua meza ile ni yule yule kijana wa shoka. Alipofika kwenye doa jeusi la katikati, alisugua mpaka jasho likamtoka. Lilipungua, lakini halikuisha. Alitaka kuendelea. Mama akamwambia, "Acha, mwanangu. Utatoboa ubao. Hilo nitalifunika kwa daftari langu."

Na kweli, jioni hiyo daftari lake lilikuwa pale.

Ndugu wanakisomo, tukirudi nyumbani leo tufanye mambo mawili. Tutazame juu, kwenye paa. Kisha tutazame chini ya miguu ya meza. Kama imesimama kwenye udongo wenye unyevu, tuweke jiwe bapa chini ya kila mguu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.