Ukuta wa Soko ni wa Nani? Mazungumzo na Wakazi wa Daraja Mbili kuhusu Michoro na Sanamu



Anayekuja soko hili kununua ndizi au mitumba hupita michoro mingi kabla ya kufika anakokwenda. Kinyozi amechorewa vichwa vya mitindo mbalimbali mlangoni. Mwenye bucha ana ng'ombe wa rangi aliyenona kuliko nyama iliyoning'inia ndani. Matatu nazo hupita na nyuso za wanamuziki na wachezaji wa kandanda. Kazi hizo hazigombaniwi, kwa kuwa kila moja ina mwenyewe na inajulikana inauza nini. Ugomvi huanza mchoro unapowekwa kwenye ukuta wa umma, au sanamu inaposimamishwa barabarani.

Majirani wa Kisumu wanalijua hilo. Mwaka wa 2014, jamii ya Masingasinga ilisimamisha sanamu mjini humo kuadhimisha miaka 100 ya kuwepo kwao. Waandamanaji wakadai ni ya kishetani, wakaishambulia, na hatimaye ikaondolewa. Kuharibu mali ya mwenzako ni kosa, na hilo lisemwe bila kuzunguka. Lakini tukio hilo lilionyesha pia kwamba kibali peke yake hakimwelezi mpita njia anachokitazama.

Nairobi kuna mfano tofauti. Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, katika barabara yenye jina lake. Anayepita hapo anajua habari zake tangu shuleni. Na huko Kibera, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, msanii anayejulikana kama Solo 7 aliandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati ya mtaa wake. Aliandika kwa majirani, kuhusu jambo lililokuwa likiwaumiza siku hiyo hiyo.

Sasa turudi Gusii. Jiwe la Tabaka, lile la sabuni, limesafiri kuliko wengi waliolichimba. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ana sanamu ya Ndege wa Amani katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hapa nyumbani wengi hulijua jiwe hilo kama bakuli, kinyago kidogo au zawadi ya mgeni. Nyuma ya bakuli hilo kuna wanaume waliochimba na kuchonga, na akina mama walioliosha na kulisugua kwa msasa mpaka likang'aa. Sanamu ikiwekwa sokoni, jina la mchongaji litaandikwa. La aliyeing'arisha liandikwe pia.

Ila jiwe hili ni laini. Ukucha tu hulikwaruza. Likiwekwa chini, karibu na kituo cha bodaboda, halitamaliza mwaka bila kuchorwa majina ya wapenzi. Linahitaji kuinuliwa juu ya msingi, na mtu wa kulisafisha ambaye kazi hiyo imeandikwa katika majukumu yake.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za kitamaduni na pia udhibiti wa matangazo ya nje. Kwa hivyo swali la ukuta wa soko halipelekwi Nairobi. Linajibiwa hapa, na Ibara ya 10 inataka wananchi washirikishwe. Kushirikishwa si kualikwa siku ya kukata utepe.

Mama mboga ana haki ya kuuliza: kwa nini kupaka rangi ukuta ilhali miguu yangu iko kwenye matope? Ana hoja, na msanii naye anapaswa kumuunga mkono. Kisii hupata mvua nyingi. Rangi iliyopakwa kwenye ukuta unaovujiwa hubabuka, hata ingekuwa ghali namna gani. Mtaro na paa vikitengenezwa kwanza, mama anauza pakavu na mchoro unadumu. Atakayeleta mchoro kabla ya mtaro arudishwe akalete mtaro.

Mambo ya kuuliza kwenye kikao cha wadi ni ya kawaida kabisa. Nani atachora, na atalipwa nini? Kijana wa hapa asiambiwe kwamba malipo yake ni kujulikana. Mchoro ubandikwe kwanza kwenye karatasi mahali pa wazi sokoni, kwa siku za soko kadhaa, ili hata asiyehudhuria mikutano auone na kusema lake. Mwenye kibanda kinachoegemea ukuta huo aulizwe kabla ya fundi kuleta ngazi. Sura ya mwanasiasa aliye hai isichorwe. Kuta zimechoka na mabango ya kampeni. Na rangi itakayobaki isigawanywe siku ya mwisho. Ifungwe vizuri na iwekwe kwa kamati ya soko, kwa ajili ya marekebisho baada ya mvua.